Umri Haufichwi: Maneno ya Simu na Hukumu ya Sheria



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kulitazama ni dogo, nalo ni hesabu ya miaka. Kazi ya karani wa parokia ni vitabu: kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa, na cha wafu. Katika kitabu cha ubatizo, kila jina lina tarehe yake ya kuzaliwa. Mwenye jina aweza kukua, kuhama, kujipa jina la utani, hata kununua simu na kujiandika humo vyovyote apendavyo. Lakini ile tarehe haiondoki mahali pake. Ndiyo sababu nimeona vema niwaeleze yanayoweza kumpata mtu anayedanganya umri wake, au anayedanganywa, pale watu wanapotafutana uchumba kwa simu.

Wengine mtasema, "Karani, hayo ni mambo ya mjini." La hasha! Minara ya simu imefika hata vijijini kwetu. Kijana akitoka shambani anunua bando, aingia Facebook au WhatsApp, au katika zile programu za kutafutia wachumba kama Tinder. Tinder kwa kanuni zake yataka mtu awe ametimiza miaka 18, na Facebook yataka 13. Lakini mara nyingi anayeandika tarehe ya kuzaliwa ni mwenyewe, wala hapana mtu wa kumwambia, "Lete cheti." Basi binti wa miaka 16 huandika 20, na mwanamume wa miaka 46 huandika 32. Kila mmoja adhani ametia chumvi kidogo tu. Kumbe mbele ya sheria uongo huo wa aina mbili una matokeo mbalimbali, na yafaa tuyatenge.

ALINIAMBIA ANA MIAKA 20

Tuseme yuko kijana wa miaka 24, fundi wa pikipiki, mtu mwenye adabu zake. Kwa simu amepata msichana aliyejiandika kuwa na miaka 20. Wameandikiana miezi miwili, wamepelekeana picha, kisha wamekutana, na mwisho wakafanya yale yanayopasa kungoja ndoa. Baadaye baba wa msichana agundua, aenda polisi na cheti cha kuzaliwa mkononi. Msichana ana miaka 16, tena ni mwanafunzi.

Kijana atasema nini? Kwanza atasema, "Alikubali mwenyewe." Neno hilo halimsaidii. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 130 kama tunavyokijua. Chasema kwamba mwanamume anayekutana kimwili na msichana aliye chini ya miaka 18 ametenda kosa la ubakaji, msichana awe amekubali au hakukubali. Maana yake ni kwamba sheria haimtambui mtoto kuwa na uwezo wa kutoa ruhusa hiyo. Adhabu imeandikwa katika kifungu cha 131: kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30, pamoja na viboko na faini, na tena kumlipa fidia aliyetendewa. Kijana wa miaka 24 akifungwa miaka 30, atatoka akiwa na miaka 54. Baba na mama yake huenda asiwakute.

Pili atasema, "Alinidanganya umri wake, na ujumbe wake huu hapa katika simu." Wasomaji wengi hudhani neno hilo lamwokoa mtu moja kwa moja. Lakini someni kifungu chenyewe: hakina neno lolote linalomtoa mtu kwa sababu aliambiwa umri wa uongo. Wakili wake aweza kujaribu kumtetea kwa kanuni za jumla juu ya mtu aliyekosea kwa kuamini jambo lisilo kweli. Lakini mwenye akili hajengi nyumba juu ya tumaini hilo. Ujumbe wa simu hauongezi hata siku moja katika umri wa mtoto.

Tatu atasema, "Basi nitamwoa." Hapo napo pana mtego. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yakataza kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, au kumpa mimba, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Ni kweli kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliandika miaka 15 kwa msichana na 18 kwa mvulana. Lakini mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaikubali hukumu hiyo, ikisema umri uwe 18 kwa wote wawili. Wala ndoa ya baadaye haifuti kosa lililokwisha kutendeka.

Je, mvulana asiyezidi miaka 18 akikosa na msichana mwenzake? Kifungu hicho cha 131 chamtenga na watu wazima: kwa kosa la kwanza adhabu yake ni viboko bila kifungo, kwa la pili miezi 12 gerezani pamoja na viboko, na kwa la tatu kifungo cha maisha. Basi wazazi wa wavulana nanyi msilale mkidhani shauri hili ni la wenye mabinti tu.

Na msichana aliyesema uongo, atapewa adhabu gani? Katika kosa hili yeye si mshtakiwa. Sheria yamhesabu kuwa ndiye aliyetendewa. Hata hivyo asidhani amepita salama. Yeye ndiye atakayesimama mahakamani kueleza mambo ambayo asingependa kumweleza hata mama yake. Huenda akabeba mimba, na masomo yakakatika, ingawa tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, nanyi wazazi msiwanyime nafasi hiyo. Tena atajua moyoni kwamba neno lake moja, 20 mahali pa 16, limemfikisha mtu gerezani. Huo ni mzigo mzito kwa mabega ya mtoto.

JIRANI ZETU WA KENYA

Simu haina mpaka. Kijana wa Rombo au Tarime aweza kuzungumza na msichana wa upande wa pili kama wakaavyo kijiji kimoja. Kwa hiyo ni vema kujua kwamba Kenya sheria yao ina maneno ambayo yetu haina. Ni Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 8. Mtoto akiwa na miaka 11 au chini yake, adhabu ni kifungo cha maisha; akiwa na miaka 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20; akiwa na 16 hadi chini ya 18, kisichopungua miaka 15. Lakini kifungu hicho hicho chasema mshtakiwa aweza kujitetea kwamba mtoto alimdanganya umri, na kwamba yeye aliamini hivyo kwa sababu za haki.

Angalieni sana maneno hayo, "kwa sababu za haki." Sheria ya Kenya yaiambia mahakama itazame mambo yote, hata hatua alizochukua mshtakiwa ili kuujua umri wa kweli. Je, aliuliza? Aliona kitambulisho? Alifika kwao? Au alitazama picha ya simu tu akaridhika? Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilimwachia mtu aliyekuwa amefungwa kwa kosa hilo, msichana akiwa karibu kutimiza miaka 18. Ikaeleza kwamba kadiri mtoto alivyo karibu na miaka hiyo, ndivyo ilivyo rahisi zaidi mtu kudanganyika. Lakini mtu huyo alikuwa amekwisha kukaa gerezani kwa miaka. Hata pale ambapo mlango umeachwa wazi kidogo, watu hupita humo wakiwa wamechubuka.

UMRI HUTHIBITISHWAJE?

Mahakama haiamini sura wala kimo. Wako wasichana wa miaka 14 walio warefu kuliko mama zao. Anayeshtaki, yaani Jamhuri, hana budi kuuthibitisha umri, na asipouthibitisha kesi ya namna hii huanguka. Katika hukumu moja ya mwaka 2016, Mahakama yetu ya Rufani ilieleza kwamba umri waweza kuthibitishwa na mtoto mwenyewe, au mzazi, au ndugu, au mganga wa hospitali, au kwa cheti cha kuzaliwa kama kipo.

Ndiyo maana nawasihi wazazi: andikisheni watoto wenu, mpate vyeti vya kuzaliwa kutoka RITA, na mtunze kadi za kliniki mahali pasipofika panya wala mvua. Mleteapo mtoto kubatizwa, tajeni tarehe ya kweli, maana sheria ya Kanisa yatutaka tuiandike kitabuni. Mzazi asiyejua mwanawe alizaliwa lini hawezi kumtetea siku ya shauri.

Na nyinyi mnaokuja ofisini kuomba, "Karani, ongeza mwaka mmoja tu, binti apate kuolewa," au "Punguza miwili, kijana apate nafasi," msije. Kuandika hati ya uongo ni kughushi, na Kanuni ya Adhabu yaweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 7. Wa kwanza kufungwa atakuwa karani, na anayefuata ni aliyemtuma.

UONGO WA MTU MZIMA

Sasa tuugeukie upande wa pili. Mwanamume wa miaka 46 amejiandika 32, ametia picha yake ya zamani, naye ampata mwanamke mjane wa miaka 30, mwenye kiduka chake. Hapa wote ni watu wazima. Je, kusema uongo wa umri peke yake ni kosa la jinai? Uongo mtupu, bila kitu kingine, ni dhambi na ni aibu, lakini kwa kawaida haumpeleki mtu gerezani. Yanayompeleka ni yale anayoyafanya kwa uongo huo.

Akiutumia uongo ili apate mali, kwa mfano akisema, "Nitumie laki tatu nikamalize mambo ya mahari," naye hana nia ya kuoa, hiyo ni kujipatia mali kwa udanganyifu. Kanuni ya Adhabu yasema kifungo hadi miaka 7. Na akivaa jina na picha ya mtu mwingine kabisa, ameangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 15: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili.

Kama hakukuwa na wizi, bali ahadi ya ndoa iliyovunjika baada ya ukweli kujulikana, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina njia yake. Kifungu cha 69 chamruhusu aliyeumizwa kudai hasara aliyoipata kwa gharama alizotumia kwa sababu ya ahadi ile, wala si zaidi ya hasara hiyo. Lakini mtu hawezi kushtakiwa kwa ahadi aliyoitoa akiwa chini ya miaka 18. Na kifungu cha 71 chamruhusu mtu kudai zawadi alizotoa kwa matumaini ya ndoa ambayo haikufungwa. Kwa hiyo mwenye kutoa kitenge, ng'ombe au fedha na aandike: ni nini, siku gani, mbele ya nani.

Je, na wakifunga ndoa kabla ukweli haujajulikana? Kabla ya ndoa, sheria yataka taarifa ya siku zisizopungua 21, na umri wa wote wawili huandikwa humo. Anayeandika uongo kwa makusudi ajitia hatarini mwenyewe. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 16, yasema ridhaa iliyopatikana kwa hila si ridhaa ya hiari. Kanuni ya 1098 ya Sheria ya Kanisa nayo yasema juu ya aliyedanganywa kwa hila ili akubali ndoa, kama jambo alilofichwa kwa asili yake laweza kuvuruga sana maisha ya ndoa. Lakini angalieni: si kila mwaka uliofichwa wavunja ndoa. Hilo hupimwa na mahakama, ya serikali au ya Kanisa kila moja kwa sehemu yake, wala halipimwi na jirani kisimani.

Iko namna moja ya uongo iliyo mbaya kupita zote. Ni ya mtu mzima anayejifanya mtoto, asema, "Nami nina miaka 15, niko kidato cha pili," ili apate urafiki wa mtoto na kumwomba picha za utupu. Picha ya namna hiyo ya mtu aliye chini ya miaka 18 ni ponografia ya mtoto. Sheria ya mwaka 2015, kifungu cha 13, yatoza faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Vijana, sikieni: anayezisambaza naye yumo. Ukitumiwa picha ya mwanafunzi mwenzako, usiipeleke mbele hata kwa rafiki mmoja. Mwambie mzazi au mwalimu upesi.

MSIYAMALIZE NYUMBANI

Najua desturi yetu. Jambo likitokea, wazee wa pande mbili hukaa chini ya mwembe, huyu atoa mbuzi, yule atoa laki mbili, wakasema yamekwisha. Lakini kosa dhidi ya mtoto si deni la ukoo mmoja kwa mwingine. Ni shauri la Jamhuri, na baba hana mamlaka ya kulisamehe kwa fedha. Tena Kanuni ya Adhabu yamhesabu kuwa mkosaji mtu anayempa mtoto, au wazazi wake, fedha au vitu kwa nia ya kumpata mtoto huyo. Basi ukiona "mchumba wa simu" ampelekea binti yako vocha, kisha nawe akuletea sukari na kanga, jiulize ananunua nini.

Nawapa maneno manne ya kushika.

Kwanza, kijana unayetafuta mchumba, usiridhike na namba iliyoandikwa katika simu. Uliza shule aliyosoma na mwaka aliomaliza. Omba kuona kitambulisho cha taifa au cheti cha kuzaliwa, nawe uonyeshe chako. Nenda kwao mchana, ukiwa na mshenga, kama wazee walivyotufundisha. Mtu mzima wa kweli hatakasirika. Akikataa, rudi nyumbani.

Pili, binti, usijiongezee miaka. Wewe waona umemdanganya yeye. Kumbe umejivua ngao yako mwenyewe, maana anayeambiwa ana mtu mzima mbele yake atakutendea kama mtu mzima.

Tatu, wazazi, zungumzeni na watoto wenu juu ya simu kabla hamjawanunulia, na baada ya kuwanunulia. Kuinyang'anya kwa fimbo peke yake hakutoshi, maana mwenye kuogopa fimbo hujificha kwa jirani. Mtoto ajue kwamba akikosea ataweza kuja kwenu kwanza.

Nne, jambo likiwa limetokea, msifute ujumbe wala picha za mazungumzo katika simu, maana ndio ushahidi. Mpelekeni mtoto hospitali mapema. Nendeni polisi, katika dawati la jinsia na watoto, au pigeni namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo haina malipo. Asiye na fedha za wakili na aulize juu ya watoa msaada wa kisheria, ambao kazi yao imewekwa na sheria ya mwaka 2017.

Wazee walisema, njia ya mwongo ni fupi. Katika shauri la umri, njia hiyo huishia kwenye karatasi moja yenye tarehe. Karatasi ya mwanao iko wapi? Leo jioni, baada ya sala ya nyumbani, itafuteni, mwisome pamoja naye, kila mmoja ajue ni lini atatimiza miaka 18.

Mbaki na amani.

Karani wa Parokia